Mpishi wa Haeram Atanyolewa Kipara Alhamisi

Saa kumi na moja alfajiri, Tak Mal-sun anakoroga supu ya chipukizi za soya kwenye sufuria inayotosha kumuogesha mtoto. Anaonja, anakunja uso, anaongeza chumvi. Wagonjwa wa hospitali hii ya umma ya Haeram, kusini mwa Korea, wanakula saa moja.

Mwezi ujao jiko linakabidhiwa kampuni binafsi. Uongozi unasema korona iliiachia hospitali madeni, hivyo hakuna njia nyingine. Wapishi wote kumi na wanne wataomba kazi upya, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

"Wimbo huu naujua mpaka kiitikio," anasema Mal-sun, mwenye miaka 58.

Mwaka 1998, uchumi ulipoanguka, alikuwa mpishi wa kiwanda cha meli. Wananchi waliombwa dhahabu kuokoa nchi, wakapanga foleni. Yeye alitoa pete ya bintiye, ile anayovishwa mtoto akitimiza mwaka. Baada ya wiki chache aliachishwa kazi, kisha wakala wa ajira akamrudisha kwenye sufuria zile zile kwa nusu ya mshahara.

"Walisema ni kwa muda, mpaka mambo yatulie. Yakatulia. Kwao."

Pete haimuumi sana. Kinachomuuma, na inauma hata kumsikiliza, ni kwamba aliwaamini, akanyamaza.

Sasa anataka kustaafu jikoni hapa, kwa ajira yake hii hii. Alhamisi atakaa kitini mbele ya lango la hospitali anyolewe kipara hadharani kupinga mpango huo, kama wafanyakazi wa huku wanavyofanya wakiishiwa maneno.

Tatizo ni kwamba binti yule wa pete, Na-gyeong, anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata. Amepita jikoni kabla ya kwenda kazini, kumbembeleza.

"Mama, si anyolewe mama mdogo Ok-bun? Yeye hana harusi."

"Ok-bun nywele zenyewe anazo? Nani atashtuka?"

Ok-bun, mpishi mwenzake anayemenya figili pembeni, anacheka mpaka kisu kinamponyoka.

"Na wakwe zangu je?" Na-gyeong machozi yanamlengalenga. "Basi angalau nikutafutie wigi."

Mal-sun anapunguza moto, anamfuta binti yake shavu kwa ncha ya aproni.

"Wigi la nini? Mama wa bibi harusi anakaa mbele. Nitakaa hapo hapo, kila mtu anione. Atakayeuliza, nitamweleza."