Bustani Iliyoniletea Rambirambi

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Kibondo nilikwenda Kasulu kwenye semina ya walimu, na huko nikaona kalenda ya Kijapani imetundikwa dukani. Picha ya mwezi ule ilikuwa ya bustani isiyo na jani hata moja: changarawe nyeupe iliyochorwa mistari kama mawimbi, na mawe makubwa matatu katikati. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka sukari au naangalia tarehe.

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwingine. Mke wangu alikuwa amepanda maharage mbele ya nyumba ya serikali tuliyopewa. Nikamweleza kwamba watu waliostaarabika hutazama mawe ili akili itulie.

"Na maharage?"

"Yatahamia nyuma."

"Kwa miguu yake?"

Niliyahamisha mwenyewe, na mengi yakafa.

Kwa wiki tatu nilisomba mchanga wa mtoni kwa baiskeli, gunia moja kila jioni. Changarawe nyeupe sikuipata. Mawe walinisaidia kuyabeba walimu wenzangu wawili, baada ya kuwadanganya kwamba ni msingi wa banda la kuku. Nikagongomea misumari kwenye ubao nikapata reki, na kila asubuhi kabla ya shule nilichora mawimbi yangu, nikitoka kinyumenyume nisiyakanyage. Jiwe refu kuliko yote nililisimamisha, nikainua tuta la mchanga mbele yake, refu kama mtu aliyelala. Hilo la mtu aliyelala sikuliona wakati ule. Nilijiona fundi.

Jumamosi moja nilifungua mlango nikawakuta akina mama sita wameketi chini, wamejitanda khanga, wameleta viazi vitamu na mkungu wa ndizi. Bibi mmoja, jirani yetu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mwalimu. Tumechelewa kwa kuwa hakuna aliyetuambia."

"Pole ya nini, bibi?"

Akalitazama jiwe langu. "Ni mtoto, au mtu mzima?"

Nikaeleza. Mchanga huu ni bahari, jiwe hili ni mlima. Nilieleza kwa kirefu, kama niko darasani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Bibi akageuka akavitazama vilima vilivyotuzunguka pande zote, kisha akanirudia.

"Na huu mdogo una kazi gani?"

Mke wangu alikuwa amekimbilia ndani. Nilimsikia akicheka huku amejiziba mdomo. Viazi na ndizi wale mama walikataa kuondoka navyo. Walisema chakula cha pole hakirudi nyumbani.

Wiki nzima niliendelea kuchora mawimbi, kwa ukaidi tu, na wanafunzi walipita hapo wakinong'ona.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha. Mchanga wangu wote uliteremka bondeni kwa asubuhi moja, ukabaki udongo mwekundu. Niliumia kuliko nilivyoonyesha. Nilimwambia mke wangu kwamba hata hivyo nilikuwa nimeichoka ile bustani. Hakunibishia. Alikuwa ameshashika jembe, akaniomba tu nimsaidie kusukuma jiwe refu, maana peke yake hakuliweza.