Zamu ya Mama Upendo na Mama Tumaini

Wiki iliyopita fundi alikuja kupaka rangi milango ya nyumba ninayopanga hapa Mbeya. Alipomaliza alimimina mafuta ya taa kwenye kopo, akakaa barazani kusafisha brashi zake. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele, nikajikuta nimesimama, ungo mkononi, sijui kwa nini. Pua ilikuwa inangoja harufu ya pili, na ilinichukua muda kukumbuka ni ipi: mshumaa ulioyeyushwa. Harufu hizo mbili zikikutana, msomaji wangu, mimi si mtu mzima tena. Nina miaka tisa, niko Igowole kule Mufindi, nimepiga magoti kwenye sakafu ya kanisa na magoti yanauma kwa baridi.

Igowole ya utoto wangu ilikuwa ya Walutheri na Wakatoliki. Sisi Waanglikana tulikuwa wachache mno, kiasi kwamba kasisi akikohoa Jumapili, hadi Jumatatu waumini wote walikuwa wameshampelekea tangawizi. Aliyeniingiza huko ni mama. Alikuwa Mgogo, Mwanglikana wa kuzaliwa, akaolewa na baba yangu Mhehe. Baba alipofariki tulibaki kwa bibi, mama yake baba, ambaye alikuwa Mlutheri hasa, wa kujua nyimbo za kitabuni kwa namba. Jumapili tulitoka nyumbani watatu. Tukifika njia panda, Bibi alishika ya kushoto, mimi na mama tukashika ya kulia.

Kisha mama akaenda Madibira kulima mpunga. Ilikuwa mwezi wa kwanza, ukungu umelala hadi mlangoni. Alinifunga vifungo vya sweta, vyote, hata cha shingoni nisichokipenda, akasema, "Nitarudi mpunga ukivunwa." Mimi mpunga shambani sikuwahi kuuona, kwetu ni mahindi, viazi na chai. Nilimuuliza mwalimu wangu unavunwa lini, akasema mwezi wa sita, wa saba. Basi nikawa mtoto pekee wa Igowole aliyekuwa akiiombea Madibira mvua, kila siku, kwa miezi. Ukubwani nikajua kule wanamwagilia kwa mifereji.

Pale njia panda nilibaki peke yangu. Bibi aliniambia mara mbili nifuatane naye, kwamba Mungu ni yuleyule na kwao kuna kwaya nzuri. Nilikataa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mama akirudi siku ya Jumapili ataanzia kanisani, na asiponikuta atafikiri nimehama. Nilikaa kwenye benchi letu, upande wake nikauwekea sweta, na watu kwa adabu zao hawakukaa pale.

Karibu na mlango wa kanisa palikuwa na ubao wa matangazo, na kwenye ubao karatasi ya daftari iliyoandikwa zamu za usafi. Akina mama wa Umoja, chama chao cha kanisani, walijitolea wawiliwawili, kila Jumamosi jozi moja. Ya nne kutoka juu iliandikwa "Mama Upendo na Mama Tumaini." Tumaini ndiye mimi. Sheria ilikuwa kwamba asiyefika zamu mbili mfululizo jina lake linapigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na nilikuwa nimeliona likipigwa jina la mama mmoja aliyehamia Makambako. Wiki iliyofuata hakuna aliyemtaja tena. Nilipouona ule mstari niliogopa vibaya. Niliamini kabisa kwamba mama akifutwa pale, ndiyo amefutwa, na hata akirudi hatakuwa na pa kurudia.

Kwa hiyo zamu yake ilipofika, nikachukua ndoo nikaenda mimi.

Sasa huyo Mama Upendo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anaishi peke yake karibu na mashamba ya chai alikochuma hadi vidole vikawa vyeusi visivyotakata. Ndiye katibu wa Umoja, ndiye mwandishi wa ile karatasi, na ndiye mwenye kalamu nyekundu. Midomo yake haikuwa na mazoea ya kucheka. Benchi lililokwisha kufutwa alilivuta, akatazama chini yake, akalirudisha akisema, "Rudia." Alikuwa na msemo wake: "Kona ndiyo kanisa. Katikati hata mbuzi anaona."

Sakafu tuliing'arisha kwa nta tuliyoitengeneza wenyewe. Vipande vya mishumaa ya madhabahuni viliwekwa kwenye kopo, vikayeyushwa juu ya makaa, kisha kopo linatolewa nje mbali na moto ndipo yanatiwa mafuta ya taa. Kazi hii mtu mmoja haiwezi. Mmoja anapaka kwa kitambaa, mwenzake anamfuata nyuma kwa magoti na kipande cha blanketi, anasugua kabla nta haijaganda, na kwa baridi ya Mufindi inaganda upesi. Ukiwa peke yako unabaki na madoa meupe kanisa zima, na Jumapili watu wanateleza wakienda mezani pa Bwana.

"Mama yako yuko wapi?" aliniuliza siku ile ya kwanza.

"Anaumwa mguu."

Alinitazama, akatazama ndoo yangu, akanipa kipande cha blanketi. Tulifanya kazi hadi mchana bila maneno, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofunga mlango akauliza, "Mama hajambo?" Nilishangaa, maana nilishamwambia anaumwa. Nikasema hajambo kidogo. Akasema, "Mpe pole," akanitilia maparachichi mawili kwenye ndoo.

Ikawa ndiyo desturi. Zamu ilirudi kila baada ya wiki chache, nami nilikwenda na ugonjwa mpya. Baada ya mguu lilikuja jino, baada ya jino mgongo, kisha macho. Nikiishiwa magonjwa nilimpeleka mama msibani. Kwa mwaka ule mama yangu alizika watu wengi sana wa Dodoma, Mungu anisamehe. Na kila mara, tukishafunga mlango, swali lilikuwa lilelile, "Mama hajambo?" Shule ya Jumapili walitufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imepita mwezi wa sita, wa saba, Krismasi, na ilikuwa bado inaendelea. Mpunga ulikuwa umevunwa, ukaliwa, ukapandwa mwingine.

Jumapili moja kasisi akasoma majina ya wagonjwa wa kuombewa, na la mwisho likawa la Mama Tumaini. Nadhani mama fulani alisikia habari za mgongo akalipeleka jina kwa nia njema. Watu walinigeukia kwa huruma, nami nikainama kama mtoto mwenye mgonjwa. Hiyo ningeivumilia. Lililonimaliza ni tangazo lililofuata: siku ya Jumatano akina mama wa Umoja watakwenda kumtembelea.

Siku tatu hizo sikula vizuri. Nilifikiri kutoroka niende Madibira kwa miguu, lakini sikujua ni upande gani. Jumatano mchana nikawaona wanapanda kilima, blauzi nyeupe, vitambaa kichwani, wameshika sukari, sabuni na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mbele yao Mama Upendo. Bibi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikasimama penye ufa wa dirisha.

Bibi aliwapokea. "Kamwene," akawasalimu kwa Kihehe, akatandika mikeka, akaweka chai. Hakuuliza wamefuata nini. Walikunywa chai, wakasifu mahindi, wakaimba wimbo mmoja, na mama mmoja mgeni kati yao akasema kwa upole, "Basi na mgonjwa wetu tungemwona."

Nilimwona Bibi anaangalia kikombe chake.

"Mgonjwa amepumzika," akasema Mama Upendo. "Tumwombee hapahapa." Akasimama akaomba, kwa sauti yake ile kavu, kwamba Bwana amwangalie Mama Tumaini popote alipo, ampe afya na usingizi. Wakaitikia amina, wakaacha vitu, wakaondoka.

Mimi kule nyuma nilifurahi. Nilidhani Mungu amewafumba macho. Bibi alikuja akanikuta, akakaa kwenye kigogo cha kuni.

"Kumbe mama yako anaumwa," akasema.

Nilichimba ardhi kwa kidole cha mguu.

"Haya. Kamfungue kuku, miguu itamuuma." Hakulizungumza tena hadi anakufa. Yule kuku tulimfuga, alikuwa mtagaji mzuri, na Bibi alimwita Mwanglikana.

Niliendelea na zamu hadi nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni Iringa. Mama hakurudi. Barua iliyoandikwa kwake ilikaa bila jibu; msafiri mmoja alisema amemwona Madibira, mwingine akasema amehamia mbele zaidi na mtu. Asubuhi ya safari nilipita kanisani. Ubao ulikuwa na karatasi mpya, na ya nne kutoka juu ilikuwa "Mama Upendo na Mama Tumaini."

Mwaka juzi tulimzika Bibi. Baada ya mazishi nilikwenda kumsalimia Mama Upendo, aliyekuwa amezeeka kabisa, anatembea na fimbo. Nilimshika miguu, tukakaa nje, na kwa kuwa msiba hulegeza ulimi, nikamwambia yote: mguu, jino, misiba ya Dodoma. Nikamwomba anisamehe kwa kumdanganya.

"Mbona nilijua," akasema. "Mama yako aliniaga. Jumamosi yetu ile ya mwisho, tumeshamaliza kusugua, akaniambia, Mama Upendo, mie sirudi. Nikamwambia mwambie mtoto. Akasema, mtoto nitamwambia habari za mpunga."

Nawaambia ukweli, kilichonijia kwanza hakikuwa shukrani. Ulikuwa wivu. Yeye aliagwa, mimi nikafungwa vifungo vya sweta.

"Sasa kwa nini uliendelea kumwandika?"

"Ningemwandika nani?" Alisema kwa ukali uleule wa zamani. "Hakuna aliyetaka zamu na mimi. Wote walinikimbia, wanasema nina maneno. Mama yako tu ndiye alikuwa ananivumilia. Ningemfuta yeye, ningepaka nta na nani? Halafu nikakuona umekuja na ndoo."

Miaka yote niliikumbuka sakafu ile kama mahali ambapo mtoto mmoja alikuwa mpweke. Nilijihesabu mimi tu. Sikumhesabu aliyekuwa mbele yangu, mgongo wake ukienda na kurudi, akipaka polepole kuliko alivyoweza ili mimi nisiachwe nyuma na nta ikaganda. Mtoto anaijua njaa yake. Ya mtu mzima haioni, hata akipewa maparachichi na mwenye njaa hiyo. Nilikuwa namficha habari za mama, naye ananificha habari hizohizo, na kila mmoja wetu akiogopa kwamba ukweli ukisemwa, Jumamosi itakayofuata hatakuwa na mtu.

Alinisindikiza hadi njia panda, ingawa nilimkataza. Tulisimama palepale Bibi alipokuwa akishika ya kushoto.

"Mama hajambo?" akauliza.

Nilitafuta ugonjwa kwa mazoea, sikuupata.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Hata mie sijui," akasema, akanishika mkono, tukavuka barabara.