Kitabu cha Sungura kwa Mama Mwiko

Dada yangu akija dukani kwangu kuchagua vitabu, mimi huomba wateja wengine wasitokee. Ninauza vifaa vya shule. Yeye anafundisha piano sebuleni kwake, na vitabu vya mazoezi ya nadharia ya muziki anavichagua kana kwamba anachagua mchumba. Jalada hana habari nalo. Anafungua katikati, anaandika kwa penseli, anafuta kwa raba, anaandika tena palepale, anafuta. Karatasi ikitoboka, kitabu hicho basi. Kisha anapima kwa kidole nafasi kati ya ile mistari mitano ya kuandikia noti, maana mtoto wa miaka saba, anasema, noti yake huwa nene kama zabibu. Mwisho anatazama kama majibu yamewekwa nyuma. Yakiwepo ananinunia mimi, utadhani nimeyachapa.

Jumamosi moja alikuja hana hamu hata ya kubishana. Aliuliza tu, "Kile cha sungura unacho?"

Kile cha sungura ni cha watoto wa chekechea, kila noti ina masikio. Nikamuuliza ni cha mwanafunzi gani.

"Cha Mama Mwiko."

Nilimtazama vizuri nione kama ananitania. Mama Mwiko amepika kwenye shule ya jirani miaka thelathini na ushee, na jina hilo alipewa na wanafunzi. Alipostaafu, wanawe walishampangia kulea wajukuu. Yeye akaenda kwa dada yangu, akasema anataka kujifunza piano. Dada hajawahi kuniambia kwamba anampenda kuliko wanafunzi wake wote, lakini akimtaja sauti inalainika, na mimi si kiziwi.

"Mikononi anajua," dada alisema. "Nikimwambia piga hii, anapiga. Kwenye karatasi ndipo anapopotea. Wiki ya tano hii ninamrudishia wino mwekundu mtupu. Juzi ameniambia, mwalimu, ukurasa huu nao ukirudi mwekundu, mimi naacha, sitakusumbua tena. Jana nimeusahihisha, nikampelekea habari. Nimemwambia asikate tamaa, nitamtafutia kitabu chepesi."

"Ndiyo umpe sungura."

"Sasa nimpe nini? Labda ni umri."

"Umri gani? Yule mama alikuwa anapakulia watoto mia nne, na anajua nani ameshapita mara mbili. Lete huo ukurasa hapa."

Muziki siujui, na sioni haya kusema. Lakini nimeishi na madaftari maisha yangu yote. Noti niliziacha, nikatazama makosa kwenye majina aliyoziandikia, kila noti herufi yake. B zake zilikuwa sawa. C sawa, D sawa. Wekundu wote ulikuwa kwenye herufi mbili tu: palipotakiwa A ameandika E, palipotakiwa E ameandika A. Kila mara, bila kuruka hata moja.

"Hii ukifundisha unaiitaje?" nikamwonyesha A.

"Ei."

"Sema tena."

"Ei," akasema, halafu akaziba mdomo kwa kiganja.

Mama Mwiko alisoma madarasa manne, na huko alikosoma a ni a na e ni e, si hizi 'ei' na 'ii' za Kiingereza. Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijalifanya hata nikiwa na homa. Cha sungura tukakiacha kwenye kaunta.

Hana piano nyumbani. Amejichorea vibonye kwa chaki kwenye meza ya jikoni. Tulimkuta na kitambaa chenye maji, ameshafuta nusu ya meza. Dada alimweleza yote akiwa bado mlangoni, maneno yanakanyagana.

"Mimi nilizihesabu, mwalimu," Mama Mwiko akasema. "Herufi za noti ziko saba. Ukisema 'ei', nasikia hii E. Ikabaki A peke yake, nikaona basi hiyo ndiyo unayoiita 'ii'."

"Uliandika nilichosema. Kosa ni langu, mama, lote ni langu. Nisamehe."

Mama Mwiko alikaa kwenye kigoda, kitambaa kinamchuruzikia miguuni. "Wanangu waliniambia kichwa changu kimeshachoka," akasema polepole. "Nami nilikuwa nimeanza kuwaamini."

Dada yangu, anayeweza kunigombeza nusu saa nzima kwa ajili ya raba, alikausha meza kwa upindo wa gauni lake, akachukua chaki dirishani, akaanza kurudishia vibonye vilivyofutwa, machozi yanamdondokea palepale anapochora. Mama Mwiko alimwangalia kidogo. Kisha akanyoosha kidole, akamwambia mwalimu wake kwamba kile cheusi cha tatu amekiweka siko, na kweli kilikuwa siko.