Masale ya Old Moshi kwenye mayai ya kasa

Wakuu, za mihangaiko. Hili nililiona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini baba yangu mdogo alikuwa seremala kwenye kisiwa kimoja huko pwani. Akajiunga na kikundi cha kujitolea kulinda mayai ya kasa. Malipo hakuna. Nyumbani Old Moshi walimcheka, kwamba mtu mzima ameacha kahawa yake, analinda mayai ambayo hata hayali.

Nilipokwenda kumtembelea aliniagiza nije na miche ya masale.

Kwa wasiojua, sale, mmea wa majani marefu, ndilo mpaka wetu Wachagga. Likishapandwa, hata jirani mkorofi hagusi.

Msimu ule ufukwe wao ulikuwa na viota viwili tu. Kimoja baba mdogo akakizungushia masale bila kumwambia mtu.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo, Bi Mwanahawa. Yeye siku zote alifagia nyayo za kasa mchangani ili mwizi asijue pa kuchimba.

Asubuhi masale yako palepale. Mayai hakuna.

"Umemwekea mwizi kibao, mwanangu," Bi Mwanahawa alisema. Wenzake walitaka afukuzwe kikundini. Baba mdogo alinyong'onyea, nikamhurumia kweli.

Akaniambia, "Ng'oa moja, twende kwake."

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea sale, na akishaletewa hakatai kusamehe.

Bi Mwanahawa alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza.

"Ahsanteni. Linapikwaje?"

Nikaeleza mimi. Mama wa watu akamrudishia baba mdogo.

"Basi lipandeni hapa mlangoni kwangu. Kule tuachieni mchanga mtupu. Na wewe zamu yako iko palepale."

Kiota cha pili hakikuwekwa alama yoyote. Baba mdogo alikilinda kwa kukaa mbali nacho, kama mtu anayepunga upepo. Siku vitoto vilipoingia baharini alilia. Mimi nilikuwa na mafua tu.

Nilichojifunza ni kwamba sale linalindwa na wanaolijua. Ukienda ugenini, uliza kwanza wenyeji wanaogopa nini.

Miaka kadhaa baadaye nilipita kwa Bi Mwanahawa. Sale limekuwa kichaka. Nilimkuta jirani yake mlangoni, amegombana na shemeji yake, kaja kuomba jani.

Na nyie mliowahi kuhamia ugenini na mila zenu, ilikuwaje?