Ngumi, Kidole, Kiganja

Otília Vargová hakuwahi kuacha kugonga vitu. Hata miaka mingi baada ya mtihani wa Kijerumani, akiweka chumvi aligonga meza, akitundika funguo aligonga ukuta. Ngumi ilikuwa ya kitu cha kiume, ncha ya kidole ya kitu cha kike, na kiganja wazi cha kile kisicho upande wowote. Wajerumani hawataji kitu bila kukitangulizia kijineno, der, die au das, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini kisu kilipewa hiki na uma ukapewa kile. Aliviweka mikononi kwa sababu kichwa, alisema, kilikuwa kimejaa.

Walikaa Petržalka, mtaa wa maghorofa karibu na mpaka wa Austria, ghorofa ya saba: yeye, binti yake Darina, na mama yake mzazi, Bibi Hermína. Au tuseme walikaa wawili na Otília akawa anapita. Wiki mbili alikuwa Dornbirn, mwisho kabisa wa Austria, akimlisha na kumgeuza kitandani mzee mmoja aitwaye Fessler. Wiki mbili alikuwa nyumbani, na sehemu kubwa ya hizo alilala. Wanawake wengi wa majengo yao waliishi hivyo. Gari liliwachukua kwenye kituo cha mafuta, kila mmoja na begi lake, na Darina aliacha kulia pale kituoni akiwa bado mdogo. Hakukumbuka ni lini hasa.

Kisha nyumba moja ya kutunzia wazee, ng'ambo tu ya mpaka, ikatafuta watu. Basi la mjini lilifika huko. Walichotaka ni cheti cha lugha, na nafasi wangemshikia mpaka baridi iishe.

"Yaani utakuwa unarudi kila siku?" Darina aliuliza.

"Kila siku. Mpaka unichoke."

Darina akainua kijiko kutoka kwenye supu ya viazi. "Haya, hiki."

Otília akagonga kwa kidole. "Die."

"Wapi! Der."

"Kwetu kijiko ni mwanamke tangu enzi," Bibi Hermína akadakia. "Hao wamemfanya mwanamume, halafu wanashangaa anashinda amelala kwenye supu."

"Mama, unanichanganya."

"Ulichanganyikiwa siku nyingi, mwanangu. Mimi nakusindikiza tu."

Akiwa Dornbirn, Otília alipiga simu mzee akishalala mchana. Darina alimtajia vitu na upande wa pili ukasikika mgongo wa kitanda ukigongwa: ngumi, kidole, kiganja. Hawakuulizana habari za shule wala za mgonjwa. Dirisha, mlango, shuka, ufunguo. Simu zikaisha hivyo, na Darina akaona ni sawa, maana kila neno lililopatikana lilikuwa jioni moja ya baadaye.

Siku ya mtihani Otília alirudi, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Vipi?"

"Supu imebaki?"

"Mama. Vipi?"

"Waliniambia nieleze habari za familia yangu."

"Si rahisi hiyo! Ukasemaje?"

"Sikusema. Nilitafuta kijineno cha kuanzia, niliogopa kuanza na kisicho chake. Wakangoja. Yule mama wa upande wa kulia akanitabasamia. Halafu wakasema asante."

"Hata jina langu hukulitaja?"

Otília alifikiri, kama mtu aliyeulizwa aliiacha wapi miwani. "Hapana," alisema.

Darina akaenda kuosha vyombo. Alitegemea maumivu yaje, lakini hayakuja. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, basi. Aliosha hata sahani zilizokuwa safi.

Bibi Hermína ndiye aliyesema lililohitaji kusemwa. "Nafasi wameshakunyang'anya?"

"Bado. Upo mtihani mwingine kabla baridi haijaisha."

"Basi nenda ukakosee. Wale wazee wakijichafua, unadhani watakuuliza shuka ni la kike au la kiume?"

Tangu jioni hiyo Darina alimlazimisha kuongea bila kusimama. Otília akisita, binti alipiga sufuria kwa mwiko. "Twende, mama! Kosea kwa sauti!" Otília akakosea kwa sauti, jasho likimtoka, na mara moja wote watatu wakacheka hadi jirani wa chini akagonga bomba.

Mara ya pili alieleza kwamba ana binti, kwamba binti ni mkali, kwamba anapiga sufuria. Vijineno vingi vilikuwa ovyo. Alifaulu.

Akawa anarudi kila jioni, kama alivyoahidi. Basi lilimshusha, lifti ikampandisha, na Darina akamfungulia mlango. Walikula tambi zenye mbegu za mpopi. Baada ya hapo hawakujua la kufanya. Hawakuwahi kuwa na jioni za kawaida, na hakuna aliyewafundisha. Otília alibaki na koti mabegani kama anayesubiri gari la kituo cha mafuta. Darina alimtazama, akangoja furaha. Mwisho mmoja wao alinyoosha kidole kwenye taa, mwingine akajibu. Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao, kwa miaka. Bibi Hermína alikufa, Darina akapata kazi kwenye duka la viatu, na bado mlango ulifunguliwa saa ile ile.

Moyo wa Otília ulipoanza kumsumbua, madaktari walisema wataupasua. Asubuhi ya upasuaji Darina aliomba ruhusa dukani, akakaa kando ya kitanda. Walitazama mti ulioko nje ya dirisha. Hakuna aliyeutaja. Wauguzi walipokuja kukisukuma kitanda, Darina aliinuka akakifuata mpaka kwenye mlango ambao hakuruhusiwa kuuvuka. Otília aligeuza shingo.

"Tangulia nyumbani, Darina," alisema. "Leo nitachelewa kidogo."