Neno "Kitapita"

Mtaani walimwita mama huyo Kipaza, naye aliitika. Miaka kumi na tisa alikaa kiti cha mbele cha gari la matangazo, kipaza sauti mkononi, akisoma karatasi alizopewa na ofisi: maji yatakatika, mtoto amepotea, chanjo ni Jumatano. Hata misiba aliisoma kwa sauti ileile iliyonyooka. Hakuongeza neno, hakupunguza. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Msimu ule vimbunga vilifuatana. Cha kwanza kilikaribia, kikageukia baharini. Cha pili vilevile. Cha tatu kiling'oa mabati mawili ya soko, basi. Kila mara watu wa bondeni walibeba magodoro hadi shule ya mlimani, na kesho yake wakashuka nayo, wakitaniana kwa hasira.

Karatasi ya kimbunga cha nne ilikuwa fupi: "Kimbunga kitapita mji wetu leo saa kumi alasiri. Wananchi wachukue tahadhari." Kipaza aliisoma katika mitaa yote kumi na mmoja ya bondeni. Saa saba alipomaliza, alimwomba dereva wamchukue dada yake mkubwa, wampeleke shuleni.

Walimkuta uani anaanika mashuka.

"Dada! Bado hujafunga vitu?"

"Nifunge niende wapi? Si umetangaza mwenyewe kwamba kitapita?"

"Ndiyo, kitapita."

"Basi na kipite salama, kama wenzake. Magoti haya si ya kupanda mlima kila wiki, mdogo wangu."

Kipaza akatazama juu ya ukuta. Jirani alikuwa akifungua furushi la vyombo, anavirudisha jikoni. Nyumba ya pili walikuwa wanafua. Kupita kando, kupita kati: neno moja, na mtaa mzima ulikuwa umelisikia kwa namna ulivyotamani.

"Dada, hakipiti kando. Kinapita hapa. Juu ya kichwa chako."

Dada yake akabaki ameshika shuka lililolowa. "Sasa mbona hukusema?"

Kipaza alimshika mkono, akampakia kiti cha nyuma na kandambili zake za uani.

"Mama, tunarudia mitaa yote?" dereva aliuliza. "Karatasi ni hiyohiyo."

"Achana na karatasi. Endesha."

Mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya jeraha linaloanza kuoza. Upepo haukuvuma, ulisukuma, ukapumzika, ukasukuma tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayejaribu mlango.

"Kinakuja! Kinatuingia! Tokeni, pandeni shuleni!"

"Kipaza, amua moja!" kinyozi alipiga kelele kutoka kibandani. "Kinapita au kinakuja?"

"Kinakuja, baba! Funga duka!"

Kinyozi alicheka, kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka.

Mtaa kwa mtaa milango ilifunguka. Wa kumi ulipoisha, sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama bati. Mtaa wa kumi na moja ulikuwa ng'ambo ya daraja, na daraja lilikuwa tayari chini ya maji ya mto uliofura kwa mvua za juu mlimani. Kipaza alishuka, akaelekeza spika ng'ambo. Upepo ulimrudishia maneno mdomoni. Akapiga kelele tena, na tena, bila hata kujua anasema nini, mpaka dereva alipomvuta mkono. Ng'ambo hakuona mtu.

Shuleni walijaa hadi kwenye madawati. Paa lilikuwa linaunguruma. Dada yake alimfunika khanga mabegani, lakini macho ya Kipaza yalikuwa mlangoni. Kila aliyeingia, yeye alimtazama usoni. Wa mtaa wa tatu. Wa saba. Wa saba tena.

Muda mfupi kabla ya saa kumi aliingia fundi viatu wa mtaa wa kumi na moja, amelowa hadi kifuani, amembeba mama yake mgongoni.

Kipaza akamrukia. "Mlinisikia?"

"Maneno hatukuyasikia," fundi alisema akihema. "Tulisikia wewe unalia. Mama akasema, huyo hata akisoma misiba halii. Tuondoke."

"Na wenzenu?"

"Walikuwa nyuma yetu. Wameshikana kamba."

Wanaume wanne walikuwa tayari wameegemea mlango ili waufunge. Kipaza aliingiza mguu wake kwenye upenyo, akaukaza hapo, akiwaita wa kwenye kamba katika giza la dhoruba, kwa sauti iliyokwisha.