Unga wa Neema Umevimba Kikombeni

Leo nimemkamata mjukuu wangu na unga wa ajabu.

Neema, yule aliyepasuliwa akapunguzwa tumbo, yuko kwangu Mkolani anapumzika. Nsansa yangu, majani ya kunde niliyoanika mwenyewe, anaonja kijiko kimoja tu. Eti ameshiba! Lakini kila asubuhi anajifungia chumbani na kopo.

Sikusoma sana, ila si mjinga.

Alipoenda kuoga nikachota unga kidogo kwenye kopo lake, nikautia kwenye kikombe cha maji. Nikatoka kuitikia shikamoo ya jirani.

Kurudi, maji yamekuwa mlenda! Nageuza kikombe, hakuna kinachodondoka.

"Neema! Mganga gani kakupa hiki?"

Akaja na kanga, amelowa. "Bibi, hayo ni maganda ya mbegu. Siku hizi nakula kidogo, sipati choo. Daktari kasema ninywe hayo na maji mengi."

"Maganda? Si ndiyo nawapa kuku?"

"Ndiyo maana kuku wako hawalii chooni, bibi."

Mtoto ana mdomo huyu! Lakini macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Sasa ulinificha kwa nini?"

"Ungeniuliza habari za choo mbele za watu."

Kopo nimemrudishia. Ila unga unaovimba wenyewe siuamini mpaka nione matokeo. Nyie mliopasuliwa, semeni, ni kweli?

Naandika nimekaa nje ya choo. Yuko ndani muda mrefu.

Jirani kapita, kauliza nangoja nini.

Nimemwambia.